Gari la turubai kwenye mvua za Mwanza

Suzuki SJ413 yangu, kijipu chenye paa la turubai, niliinunua mwezi wa Julai, na Julai Mwanza hainyeshi. Muuzaji alikunja turubai lote nyuma, tukaenda kulijaribu gari kwenye barabara ya uwanja wa ndege, upepo wa ziwa ukitupiga usoni. Katika hali ile sijui nani anaweza kukagua chochote. Ubovu wa turubai haujionyeshi siku ya jua. Kwa hiyo kama na wewe unanunua wakati wa kiangazi, nenda na mpira wa maji. Kaa ndani, funga kila kitu, kisha mwombe mtu akumwagie kwa dakika kumi hivi: kwanza kwenye pembe mbili za juu za kioo cha mbele, halafu kwenye zipu za milango, halafu kwenye mshono unaopita juu ya kichwa cha dereva. Maji yatakayoingia ndiyo hoja yako ya kupunguziwa bei.

Nauza dawa za mifugo. Nasambaza kwenye maduka ya Misungwi, Magu na ng'ambo ya Sengerema, na wafugaji wengine nawafuata huko huko walipo. Nilitaka gari jepesi lenye foo-wili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, maana udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ukishalowa, pikapu nzito inakaa hapo hapo hadi trekta lije. Magari mepesi ya bei yangu yenye bodi ya bati yalikuwa yameoza au mwenye nalo hauzi. La turubai lilikuwepo, injini yake ya kabureta safi, haitoi moshi. Nikalipa.

Kuna vijana wa gereji watakaokuambia gari la turubai ni la watalii wa Serengeti au la kupigia picha Capri Point. Si kweli. Linafanya kazi mwaka mzima, ila linadai uangalizi ambao gari la bati halidai, na sehemu kubwa ya uangalizi huo unafanyika wakati hakuna hata wingu. Hilo lilinichukua muda kulielewa, maana nilidhani vita yangu ni na mvua.

Vuli ilipoanza nilitafuta ushauri mtandaoni. Karibu wote umeandikwa na watu wa Kanada, Marekani na Ulaya ya kaskazini, wanaoendesha Jeep za turubai kwenye theluji. Wanaelezana namna ya kufagia theluji juu ya turubai kabla uzito wake haujakunja vyuma, wanaonyana kwamba madirisha ya plastiki yakishapigwa na baridi ya chini ya sifuri hukakamaa na kupasuka ukiyakunja, na wanailaani chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kwa jinsi inavyokula chuma. Niliyasoma mwanzoni kama mtu anayesoma habari za mwezini. Halafu nikaona kwamba ukiiondoa baridi yenyewe, shida zao na zetu ni ndugu: maji yanayotuama juu, unyevu unaobaki ndani, plastiki inayoharibiwa na hali ya hewa, sakafu inayooza taratibu bila mtu kujua. Kitu kimoja walichokisisitiza kila mahali ndicho ambacho huku kwetu hakuna anayekifikiria: hita.

Nieleze vizuri hapa, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua kuliko yote.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta natoka Kisesa kuelekea Magu. Sikupata shida na maji yaliyoingia. Yaliingia kidogo tu. Shida ilikuwa kioo cha mbele kujaa ukungu kwa ndani. Nafuta kwa kitambaa, baada ya muda mfupi umerudi. Mimi na abiria wangu tunapumua, nguo zimelowa, matope yapo miguuni, na zipu zote nimezifunga. Mvuke wote ule hauna pa kwenda, unatua kwenye kioo kilichopozwa na mvua. Nikaendesha nikichungulia kwenye kipande kisichozidi kiganja, malori ya Musoma yakinipita. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikaegesha pembeni, tukasubiri.

Gari lenye AC lina nafuu, kwa sababu AC hukausha hewa. Langu halina. Lina hita, inayochukua maji ya moto ya injini na kuyapitisha kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na hewa moto ikipulizwa kwenye kioo hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Sasa nenda kafungue boneti za magari ya zamani hapa Mwanza uone: mengi yamekatwa hita. Rejeta ndogo ikivuja, fundi anaunganisha mipira miwili kwa kipande kimoja, maji yanazunguka bila kuingia ndani, kazi imekwisha. Nani anahitaji joto Mwanza? Langu lilikuwa limekatwa hivyo.

Nilipomwambia fundi wangu anirudishie, aliniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Mkubwa, hita ya nini na joto hili?"

"Fundi, ya kuona mbele."

Akacheka, lakini akatafuta. Rejeta ndogo ilitoka kwenye Suzuki iliyouzwa vipande, mipira ikanunuliwa mipya, feni ikasafishwa viota vya panya. Ufundi na vifaa vilinila elfu themanini na kitu, na hakuna hela niliyoitumia kwenye gari hili iliyofanya kazi kubwa kama hiyo. Mvua ikianza nawasha hita, naelekeza hewa kwenye kioo, na nafungua zipu ya dirisha la nyuma upande usiopigwa na upepo, upana wa vidole vinne. Ndani kunakuwa na joto la kutoa jasho, lakini barabara naiona. Hiyo ya kuacha upenyo ni muhimu kama hita yenyewe. Ukifunga kila kitu ili usilowe, unajifungia pamoja na pumzi yako.

Baada ya hapo nikaacha kuhangaika kuzuia kila tone. Turubai litavuja mahali fulani, leo au kesho. Cha kujiuliza ni kama maji yaliyoingia yana njia ya kutoka. Sakafu ya gari langu ilikuwa na zulia, na chini ya zulia sponji, kazi ya mwenye gari wa kwanza aliyetaka liwe kimya. Nilipolivua nilikuta sponji imejaa maji ya sijui mwaka gani, na upande wa kuketi abiria bati limeshakuwa kama biskuti. Nikakata, nikachomea kipande kipya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, juu na chini. Zulia sikulirudisha. Sasa kuna mikeka ya mpira tu, inayotoka kila jioni ikilowa. Tafuta pia vile vizibo vya mpira vilivyo sakafuni: mafundi rangi huwa wanavifunika kwa rangi na watu wanasahau kama vipo. Mimi navitoa msimu wote wa mvua. Vumbi litaingia? Litaingia. Kwenye masika vumbi liko wapi?

Kuhusu chumvi, tunashukuru. Maji ya Nyanza, ziwa letu la Victoria, ni baridi na matamu, na barabara zetu hakuna anayezinyunyizia chumvi. Ila kama unabeba kayabo kutoka soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, samaki yule amejaa chumvi, na majimaji yake yakishuka kwenye bati tupu utaumia kama wale wa Kanada. Jirani yangu mmoja alikodisha kipikapu chake kubeba kayabo msimu mmoja. Sitasema zaidi.

Turubai lenyewe. Nililokuta lilikuwa limeshonwa kwa lile turubai zito la plastiki la malori ya fuso. Ni rahisi kupatikana, halipitishi maji, na mafundi wengi watakushauri hilo. Mimi silipendi. Halipumui hata kidogo, kwa hiyo asubuhi linatoa jasho kwa ndani. Linapiga kelele kwenye upepo. Na pale linapokunjwa kila siku linapasuka mistari. Nilishona jipya la kanvasi ya pamba nzito kwa fundi wa viti vya magari kule Nyakato, laki nne na nusu pamoja na zipu mpya na madirisha. Nilimkatia rufaa kwenye bei, akakataa, na baadaye nikamwelewa: kazi ilimchukua muda mrefu kuliko siti za basi dogo.

Yule fundi mzee ndiye aliyenifundisha mambo ambayo sikuyaona popote. Kwanza, kanvasi mpya ya pamba itavuja mvua ya kwanza kwenye matundu ya sindano, na usirudi kumgombeza fundi. Imwagie maji mwenyewe, iache ikauke juani ikiwa imevutwa juu ya vyuma vyake, imwagie tena. Nyuzi za pamba zinavimba na kujaza matundu. Pili, mishono yote ipakwe nta ya nyuki. Unachukua donge la nta, unalisugua kwenye mshono kwa nje, unaliacha gari juani saa za mchana hadi nta inywewe na kitambaa. Nta nzuri inaletwa kutoka Tabora na Shinyanga, na donge la ukubwa wa ngumi linatosha. Tatu, uzi. Uzi wa pamba mtupu huoza, aliniambia, na uzi wa bei rahisi hufa kwa jua. Akatumia uzi mzito wa poliesta.

Hilo la jua ndilo lililonigeuza mawazo. Mwanza tupo karibu sana na ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Septemba jua linapiga bila kizuizi. Turubai linaharibika wakati huo. Uzi unachakaa, plastiki ya madirisha inakuwa ya njano, zipu zinajaa vumbi, na hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna mvua ya kuonyesha. Oktoba ikifika tunasema mvua imeharibu turubai. Mvua imekuta maiti. Sasa kiangazi chote naegesha chini ya kibanda cha makuti nilichokijenga nyumbani, na mwisho wa Septemba nakagua mishono yote kwa vidole, napaka nta upya, nasafisha zipu kwa mswaki wa zamani na kuzipaka mshumaa.

Siku moja ya masika, kabla ya turubai jipya, nilimpeleka mama mkwe wangu Magu. Ni mama wa Kisukuma asiye na maneno mengi, na kwa heshima nilimketisha mbele. Tulipopita Kisesa mshono wa juu ukaanza kudondosha, tone moja moja, juu ya kitenge chake kipya. Nikaomba radhi. Akasema haina shida, baba. Matone yakaongezeka. Akafungua mkoba taratibu, akatoa mwamvuli, akaufungua ndani ya gari. Tukaenda hivyo hadi Magu. Watu kwenye vituo wakituangalia, na yeye akiwapungia mkono. Kesho yake nilikuwa kwa fundi.

Madirisha ya plastiki yanataka upole. Usiyafute makavu, kwa sababu vumbi letu lina mchanga na litayachora hadi usione kitu usiku taa za mbele zikikupiga. Mwaga maji kwanza, halafu kipande cha khanga iliyochakaa na sabuni kidogo. Petroli na thina zinayafanya kuwa meupe kama maziwa, na hayarudi. Wenzetu wa theluji wanaogopa kuyakunja kwa baridi. Sisi tuyaogope kwa joto, yanakuwa laini na kugandana yakikunjwa mchana. Mimi nayaviringisha asubuhi, na khanga katikati. Na turubai lililolowa kamwe usilikunje ukaliacha usiku kucha. Litaota ukungu mweusi, na harufu yake wateja wanaisikia kwenye katoni za dawa. Niliwahi kurudishiwa mzigo mzima wa dawa za unga kwa sababu ya maboksi yenye madoa, hasara ya laki mbili na ushee, ingawa pakiti za ndani zilikuwa kavu. Mwenye duka alikuwa na haki yake. Mteja wake ananunua kwa macho.

Juu ya turubai, angalia pale linapolegea kati ya chuma na chuma. Hapo maji yanatuama. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na maji yakianza kukaa yanavuta kitambaa, kitambaa kinalegea zaidi, maji yanaongezeka. Fundi alinipitishia mikanda miwili kwa ndani, kutoka chuma cha mbele hadi cha nyuma, na bwawa likaisha. Mvua ya mawe nayo inakuja, si kila mwaka, lakini inakuja. Turubai lililokazwa linairudisha, lililolegea linaikusanya.

Saa za kusafiri nazo nimezibadilisha. Usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu, mawingu hujikusanya juu ya maji, na alfajiri dhoruba hufika pwani ya Mwanza na ngurumo zake. Mchana upepo wa ziwa husukuma unyevu ndani, na radi za alasiri hupiga bara, Misungwi na kwingineko. Katikati ya asubuhi ndipo pana nafasi. Si kanuni, lakini nikisikia ngurumo alfajiri simkimbilii mteja. Watu wa Bukoba wananicheka, maana wao hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na sisi karibu nusu yake.

Na ngurumo si ya kuichezea ukiwa kwenye turubai. Wengi husema matairi ya mpira ndiyo yanayokinga watu na radi. Sivyo. Kinachokinga ni bodi ya chuma iliyokuzunguka juu na pande zote, inayopitisha umeme kwa nje hadi ardhini. Gari la turubai halina kinga hiyo, hata kama lina vyuma vya kushikilia kitambaa. Radi ikikaribia, natafuta nyumba iliyojengwa, duka, shule, zahanati, naingia. Siegeshi chini ya mwembe, wala siegemei yale mawe yetu makubwa nikidhani yatanistiri.

Mambo madogo. Maji ya mto Mirongo yakifurika pale Mabatini, zunguka. Distributa, ile inayogawa umeme wa plagi, na waya za plagi za gari la kabureta zikilowa utazima katikati, na turubai halitakuwa na habari nawe. Kwenye mbuga, zile kofia za magurudumu ya mbele zinazogeuzwa kwa mkono ili foo-wili ishike, zigeuze ukiwa bado kwenye ardhi ngumu ya luseni, udongo wa kichanga, si baada ya kukwama, utapiga magoti kwenye tope. Kwenye Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, upepo wa ubavuni hauna cha kuuzuia. Punguza mwendo na hakikisha zipu ya upande wa upepo imefika mwisho, vinginevyo turubai linavimba na vifungo vinang'oka. Hata hivyo silalamiki. Nimesubiri kivuko pale Kigongo kwenye mvua, ndani ya gari hili, na sitaki tena.

Wezi wanakata turubai kwa wembe. Kwa hiyo sifungi milango kwa ufunguo nikiegesha mjini, na siachi kitu ndani. Anayetaka kuchungulia afungue, achungulie, aende. Dawa zinakaa kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni, lina kufuli, na lina tundu dogo chini la kutolea maji.

Watu wananiuliza kwa nini nisiweke paa la bati nikapumzika. Nimeulizia. Mafundi wawili wamenitajia milioni moja na nusu hadi mbili, na mmoja wao alikuwa mkweli kwamba uzito ule juu ya gari fupi na jembamba kama lile utalifanya liyumbe kwenye kona. Kwa hela hiyo nashona maturubai matatu na inabaki ya hita nyingine. Oktoba hii nitaongeza tu kipande cha kanvasi juu ya kioo cha mbele, kona ya kushoto. Bado inadondosha.